Bei ya Gari la Kale: Nani Anaipanga, na kwa Kigezo Gani?

Peugeot 504 mbili za mwaka mmoja zinaweza kutangazwa kuuzwa Nairobi wiki moja: moja kwa bei ya pikipiki, nyingine kwa bei ya gari dogo lililoshushwa bandarini Mombasa mwezi uliopita. Wauzaji wote wawili wanadai wanauza gari la kale, na wote wawili wanaamini wanapunjwa. Mnunuzi naye yuko njia panda. Akitoa pesa nyingi ataambiwa amenunua vyuma chakavu. Akitoa kidogo ataambiwa hajui thamani ya vitu. Dar es Salaam, Arusha na Kampala mjadala ni huohuo, aina ya gari tu ndiyo inayobadilika: huku Land Rover 109, kule Mercedes za miaka ya 1970, kwingine Volkswagen Beetle.

Mjadala huu hauishi kwa sababu wanaobishana wanajibu maswali tofauti huku wakidhani wanajibu swali moja. Mmoja anaangalia gari limemgharimu kiasi gani. Wa pili anaangalia gari kama hilo limeuzwa kiasi gani kwingineko. Wa tatu anataka kujua litafanya kazi gani kesho asubuhi. Wa nne anauliza limebaki jinsi lilivyotoka kiwandani kwa kiasi gani, na nani anaweza kulithibitisha hilo. Kila swali lina jibu lake la haki, na kila jibu lina udhaifu wake. Uchambuzi huu unayapitia yote manne, unaonyesha yanapogongana, kisha unapima lipi lipewe uzito gani katika soko letu la Afrika Mashariki.

Mkanganyiko unatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni habari za minada mikubwa. Mei 2022, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, ile iitwayo Uhlenhaut Coupé, iliuzwa kwa euro milioni 135. Miaka minne kabla yake, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa Monterey, California, kwa dola milioni 48.4. Habari hizi zikishazunguka kwenye simu, msomaji anabaki na mambo mawili kichwani: gari ni la zamani, na bei ni kubwa. Asichoambiwa ni kwamba Uhlenhaut Coupé zilitengenezwa mbili tu duniani, na kwamba Ferrari za aina ile hazikufika hata 40, tena zilikuwa magari ya mashindano yenye ushindi unaojulikana. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi uzalishaji ulipokoma Mexico mwaka 2003. Peugeot 504 zilizidi milioni 3. Ferrari ile na Beetle iliyotoka kiwandani mwaka 1962 ni rika moja, lakini hakuna anayezipima kwa mizani moja.

Chanzo cha pili ni sheria, ambazo kila nchi imeziandika kwa shabaha yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likishafikisha angalau miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Ujerumani hutoa namba maalumu ya usajili kwa magari ya miaka 30 yaliyotunzwa vizuri. Uingereza huyasamehe kodi ya kila mwaka ya barabara yakifikisha miaka 40. Marekani huruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia nchini bila kulazimika kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Kwetu umri ni mzigo. Kenya, kwa kanuni ya jumla, hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania haijafunga mlango, lakini huyatoza magari yenye umri mkubwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Miaka ileile inayomfungulia mmiliki mlango London inamfungia mwingine Mombasa, na hakuna hata moja kati ya sheria hizi iliyokusudiwa kutaja thamani.

Chanzo cha tatu kipo gereji. Ukarabati wa gari la kale ni ghali, na aliyelipia huona vigumu kukubali kwamba pesa aliyoiingiza haitoki yote. Hivyo matangazo mengi ya kuuza hubeba bei iliyojumlishwa kutoka risiti za fundi, na wanunuzi wapya huichukua kama bei ya soko.

Akiba tuliyo nayo ilivyopatikana

Ili kuelewa soko hili, lazima kuangalia magari yenyewe yalitoka wapi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na miaka michache baadaye ilikuwa gari la mabwana shamba, misheni, polisi na hifadhi za wanyama katika nchi zote za ukanda huu. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Uamuzi huo wa shida ndio sababu mojawapo ya Land Rover nyingi kuwa hai hadi leo. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kuchaguliwa gari la mwaka Ulaya mwaka 1969, iliunganishwa pia Mombasa, na ilibeba abiria wa masafa marefu, maofisa wa serikali na maiti za kwenda kuzikwa kijijini.

Mashindano ya Safari yaliyapa magari haya sifa ambayo tangazo la biashara lisingeweza kuyapa. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu walioona magari hayo yakipita vumbini wakiwa watoto ndio walio na pesa za kuyanunua sasa, na hilo si jambo dogo katika kupanga bei.

Kisha likaja wimbi la mitumba kutoka Japani baada ya uchumi kulegezwa. Gari la Kijapani lilikuwa rahisi, spea zake zilipatikana kila kona, na mafuta lilitumia kidogo. Magari ya zamani yakasukumwa pembeni. Mengine yaliuzwa kwa kilo, mengine yakaenda maeneo ambayo barabara zake zilikuwa zikiyahitaji bado, kama Maralal kaskazini mwa Kenya, ambako Land Rover za zamani ziliendelea kubeba abiria na mizigo.

Matokeo ya historia hii ni akiba ya namna ya pekee. Magari ni machache, na kanuni za kuingiza mitumba zinafanya idadi yake iwe ya kupungua tu. Yametumika sana na yamebadilishwa sana. Mengi ya nyanda za juu hayana kutu ya kutisha, ilhali ya pwani yameliwa na chumvi. Mafundi wanaoyajua wapo, ingawa wengi wao umri umeenda. Kinachokosekana zaidi ni kumbukumbu: risiti, vitabu vya huduma, picha, na usajili usio na mashimo.

Vigezo vinne vinavyoshindana

*Gharama.* Msimamo wa kwanza unasema bei ya gari ni jumla ya bei ya kulinunua na pesa iliyotumika kulifufua. Nguvu yake ni kwamba unategemea namba zinazoonekana, na unamkumbusha mnunuzi kwamba kazi hiyo angeifanya mwenyewe ingemgharimu pia. Mtu anayetaka gari lililo tayari kutembea ana sababu ya kumlipa aliyepitia taabu ya kutafuta kioo cha mbele au giaboksi. Udhaifu wake ni mkubwa zaidi. Gharama hazitofautishi kazi nzuri na mbaya. Fundi aliyeharibu hulipwa sawa na aliyejenga. Pia zinapuuza kwamba kukarabati mlango wa 504 ya kawaida kunaweza kugharimu karibu sawa na kukarabati mlango wa gari adimu, ilhali faida ya kazi hizo mbili sokoni hailingani hata kidogo.

*Bei za nje.* Msimamo wa pili unaangalia minada na matangazo ya Uingereza au Marekani, unageuza pauni na dola kuwa shilingi, na hapo unapata jibu. Nguvu yake ni kwamba soko la kule lina mauzo mengi yaliyoandikwa, kitu ambacho sisi hatuna. Tena, kuna magari ambayo kweli mnunuzi wake yuko ng'ambo. Kanuni ya Marekani ya miaka 25 imezifanya Land Rover Defender za zamani zitafutwe huko, hasa baada ya uzalishaji wake Solihull, Uingereza, kukoma Januari 2016. Udhaifu ni kwamba bei ya London haihami peke yake. Kati ya gari lililopo Nanyuki na mnunuzi wa London kuna kufuta usajili, usafirishaji, bima ya baharini, ushuru wa kule, ukaguzi, na mashaka ya mtu anayenunua asichokigusa. Muuzaji akitaja bei ya London, na atoe kwanza gharama hizo zote. Mara nyingi kinachobaki kinakaribia bei ya hapahapa.

*Kazi.* Msimamo wa tatu ni wa mkulima, mwendesha utalii na mwenye duka la kijijini. Kwao Land Rover inathaminiwa kwa magunia inayobeba na matope inayopita. Huu ndio msimamo mwaminifu kuliko yote, kwa sababu hautegemei ndoto ya mnunuzi ajaye. Ndio pia uliookoa magari mengi: gari linalofanya kazi hutiwa mafuta, hufungwa breki mpya, na halikai chini ya mti likiota nyasi. Udhaifu wake unajitokeza pale matumizi yanapokula uasilia. Injini ikifa, mwenye kazi hafikirii mara mbili. Anafunga ya Toyota au Isuzu na safari inaendelea. Kwa shughuli zake ni uamuzi wa busara. Kwa mkusanyaji, sehemu kubwa ya thamani imeshaondoka na ile injini iliyouzwa kwa kilo.

*Uasilia na historia.* Msimamo wa nne unasema mnunuzi wa gari la kale analipia ukweli: kwamba hili ndilo gari lenyewe, lenye injini na chasisi zilizotoka pamoja kiwandani, na kwamba lilikuwa mahali fulani, likaendeshwa na mtu fulani, likafanya jambo fulani. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba ndio unaoeleza bei kubwa za dunia nzima. Mwaka 2015 mnada wa Paris uliuza Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa imetelekezwa katika banda la shamba magharibi mwa Ufaransa, ikiwa na vumbi lake, kwa zaidi ya euro milioni 16. Iliwahi kuwa mali ya mwigizaji Alain Delon, na picha za kuthibitisha zilikuwepo. Udhaifu ni kwamba msimamo huu unaalika ulaghai. Kupaka Datsun yoyote rangi za mashindano na kubandika namba mlangoni ni kazi ya siku chache. Kuthibitisha kwamba ilishiriki ni kazi nyingine kabisa. Pia unaweza kugeuka ushabiki unaodharau gari zuri linalotembea kwa sababu tu kabureta yake si ya kwanza.

Kuhifadhi, kukarabati au kubadilisha

Mvutano mkali kuliko wote uko kati ya kuliacha gari lilivyo, kulirudisha liwe kama jipya, na kulibadilisha liendane na leo. Uamuzi huu hauna kurudi nyuma. Rangi ya kiwandani ikishachunwa haipatikani tena, hata kwa fundi bora.

Kwa miaka mingi mashindano ya urembo wa magari yalipendelea gari linalong'aa. Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza 1970 na inayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, huwapa majaji nafasi ya kukagua hadi uvunguni, na usafi una alama zake. Mashindano ya namna hii yamefanya kazi kubwa ya kulea mafundi na kuwapa wamiliki sababu ya kutunza. Lakini duniani mwelekeo umeanza kugeuka. Agosti 2024, katika mashindano ya Pebble Beach, California, Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 iliyohifadhiwa bila kukarabatiwa upya ilichukua tuzo kuu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa gari la kundi la yaliyohifadhiwa. Soko linasoma ishara kama hizo. Gari lililochakaa kwa heshima, lenye viti vyake vya kwanza na mikwaruzo yenye maelezo, sasa linaweza kumshinda ndugu yake aliyepakwa rangi mpya.

Je, gari lililobadilishwa karibu kila kipande bado ni lilelile? Mahakama Kuu ya Uingereza ililazimika kulijibu swali hili mwaka 1990. Bentley iitwayo Old Number One, aina ya Speed Six iliyoshinda Le Mans mwaka 1929 na 1930, ilikuwa imekubaliwa kuuzwa kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa kukamilisha, akidai vyuma vilivyoshinda vilishaondolewa zamani. Jaji alikubali kwamba kilichobaki cha awali ni kidogo, lakini akaamua gari lilistahili jina lake kwa sababu historia yake haikukatika: lilibadilika hatua kwa hatua, likiwa gari lile moja, kumbukumbu zikiwepo. Uzito wa hukumu hiyo uliegemea mfululizo unaothibitika kuliko vyuma.

Kwetu fundisho hilo lina maana ya moja kwa moja. Land Rover iliyofungwa injini ya Isuzu haijafa kama gari la kale, ilimradi injini ya kwanza imewekwa bandani badala ya kuuzwa, boriti na chasisi hazijakatwa ovyo ili mpya iingie, na badiliko limeandikwa. Badiliko linaloweza kurudishwa hupunguza bei kidogo. Lisiloweza kurudishwa huligeuza gari kuwa kitu kingine, na bei yake ihesabiwe kwa kigezo cha kazi peke yake.

Macho ya mnunuzi yaangalie wapi

Tofauti ya vigezo haimwondolei mnunuzi jukumu la kukagua, na ukaguzi wenyewe unategemea gari. Kwenye Peugeot 504 sumaku ndogo ni chombo tosha cha kuanzia. Ipitishe chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na juu ya sehemu za kufungia springi za mbele. Inaposhika ni bati. Inapoteleza ni puti, na chini ya puti kuna kutu au ajali. Kwenye Land Rover sumaku hiyohiyo itakudanganya, kwa kuwa bodi ya alumini haishiki sumaku hata ikiwa mpya. Hapo ukaguzi unashuka chini. Chukua bisibisi, ingia uvunguni, gonga chasisi ya chuma kuanzia boriti ya nyuma hadi mikono inayobeba bodi. Sauti kavu ni nzuri. Bisibisi ikizama au vumbi jekundu likidondoka, unachoangalia ni gari la kujengwa upya, hata kama rangi inang'aa kiasi gani. Kagua pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, hasa pembe zake za chini, kwa kuwa maji hukaa hapo.

Baada ya hapo ndipo namba. Namba ya chasisi kwenye kibati ilingane na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na zote zilingane na usajili. Kibati kilichofungwa kwa riveti mpya kwenye gari la miaka 50 kinahitaji maelezo.

Karatasi ni nusu ya gari

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili kizuri kisicho na karatasi hutembezwa vilevile. Gari lisilo na logibuku Kenya, au lisilo na kadi Tanzania, haliuziki kihalali kwa mnunuzi makini, na haliwezi kusafirishwa nje bila maswali. Tatizo la kawaida ni mirathi: mwenye jina alifariki zamani, gari limekaa kwa mtoto mmoja, na wengine hawajaulizwa. Hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe kisheria, anayeuza hana cha kuuza, na mnunuzi akilipa amejinunulia kesi ya familia. Tatizo la pili ni injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa, hivyo namba kwenye bloki hailingani na ya kwenye rejista. Tatizo la tatu ni kuhama mikono mara nyingi kwa barua za mkono bila kubadili jina.

Kasoro hizi zote zina sifa moja: ni rahisi kuzirekebisha mapema na ghali sana kuzirekebisha baadaye. Kufuatilia jina wakati muuzaji yu hai ni suala la siku. Baada ya miaka 20 ni suala la mahakama. Kuhifadhi risiti ya 1974, picha ya gari mbele ya kiwanda cha kahawa au kibandiko cha mashindano hakugharimu kitu. Bado ni vitu hivi vinavyotupwa kwanza nyumba inaposafishwa.

Kununua kama uwekezaji

Hoja inayovuma ni kwamba gari la kale ni mahali pa kuweka pesa. Ina chembe ya ukweli: akiba inapungua, wapenzi wanaongezeka, na matukio yanatia joto soko. Mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanza 2003, yamefufua mahitaji ya Datsun, Ford Escort na spea zake, na maonyesho kama yale ya Land Rover ya Arusha ya Oktoba 2024 yamewavuta hata vijana. Lakini hoja hiyo inasahau mambo matatu.

La kwanza, gari halizai likiwa limeegeshwa. Linataka paa, betri, matairi, mafuta mapya kwenye breki, na mtu wa kuliwasha. La pili, wanunuzi ni wachache, na anayehitaji pesa ndani ya wiki atauza kwa bei ya dalali. La tatu, bei hushuka pia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za Ferrari na magari mengine ya kifahari zilipanda kwa kasi, zikichochewa na pesa za walanguzi, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walioumia ni walionunua kwa matumaini ya kuuza; walionunua kwa mapenzi walibaki na magari yao. Kuna pia suala la vizazi. Magari hupanda pale waliokuwa watoto enzi zake wanapopata pesa, na yanaweza kutulia kizazi hicho kinapopungua. Anayenunua 504 leo ajiulize nani ataitaka miaka 25 ijayo.

Bima nayo inafuata mkondo huohuo. Kampuni nyingi huliona gari la miaka 40 kama chuma kilichokwisha thamani, na humpa mwenyewe bima ndogo tu. Anayetaka bima kubwa hana budi kupata mthamini anayelijua gari, na kukubaliana na kampuni kiasi cha fidia kabla ya ajali, kwa maandishi na picha. Mthamini wa aina hiyo ni adimu, na uhaba wake unachangia bei zetu kukosa msingi.

Lipo jambo la mwisho lenye pande mbili: kuuza nje. Anayepeleka gari Ulaya hupata bei bora na gari linapata matunzo. Nchi inapoteza kipande cha historia yake ambacho kanuni za uingizaji hazitakirudisha kirahisi. Kuzuia mauzo hayo kungepunguza thamani mikononi mwa wamiliki na kuwafanya wauze kwa kilo. Kinachoelekea kusaidia zaidi ni serikali kuyatambua magari ya kale kama kundi lake katika usajili na ushuru, tofauti na mitumba iliyochakaa.

Majumuisho

Vigezo vinne vinaweza kuishi pamoja kila kimoja kikipewa kazi yake. Kazi inaweka kikomo cha chini: gari lisilothibitika lina thamani ya huduma linayotoa au ya spea zake, si zaidi. Bei za nje zinaweka kikomo cha juu, baada ya kutoa gharama zote za kulifikisha huko. Kati ya vikomo hivyo, uasilia na ushahidi ndivyo vinavyoamua gari linasimama wapi, na ndiyo maana 504 mbili za mwaka mmoja zinaweza kuachana kwa mbali. Gharama za ukarabati zinamsaidia mmiliki kuamua aanze au asianze, ila hazimlazimishi mnunuzi kulipa chochote.

Kwa anayeuza, hatua yenye faida kubwa ni kusafisha usajili na kukusanya kumbukumbu kabla ya kufikiria rangi. Kwa anayenunua, gari lililochoka lakini kamili, lenye namba zinazolingana na jina safi, ni ununuzi bora kuliko linalong'aa bila historia. Kwa mwenye Land Rover inayofanya kazi, aendelee kuitumia, abadilishe anachohitaji, ahifadhi anachokitoa. Na kwa anayetaka kukuza pesa peke yake, zipo njia nyepesi zaidi zisizodai kufungwa breki mpya kila mara.